Mnavu Uliogoma Kuzaa: Uchambuzi wa Kisa cha Mbegu Wilayani Rungwe

Majina ya watu, kikundi, kijiji na chuo yameondolewa, na mambo machache yasiyobadilisha maana yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Mimi ndiye "mwalimu" anayetajwa humu, na makosa mengi ni yangu. Naandika kwa ajili ya maafisa ugani, walimu wa baiolojia na vikundi vinavyolima mimea ya dawa. Kilichotukwamisha ni idadi ya kromosomu, vile vijiti ndani ya seli vinavyobeba urithi, jambo ambalo wengi wetu tulilisoma kidato cha nne tukaliacha kwenye daftari.

USULI

Kikundi ni cha akina mama kumi na wanne, na kwa miaka kadhaa wamekuwa wakilima mnavu. Sehemu kubwa huuzwa mbichi kwa mafungu, mboga ya kupika kwa karanga au maziwa. Sehemu ndogo hukaushwa kivulini, husagwa, na hupelekwa kwa muuza dawa za asili mmoja pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambaye huwauzia watu wanaolalamikia tumbo. Kama unga ule unatibu au hautibu, hilo silijadili hapa. Mnavu una alkaloidi, kemikali chungu za mimea, zikiwemo solasonini na solamajini, na matunda yake mabichi ya kijani yanaweza kumdhuru mtu. Hayo akina mama waliyajua kwa maneno yao kabla sijafika: tunda la kijani halichumwi, na maji ya kwanza ya kuchemshia humwagwa.

Shambani kwao kulikuwa na mnavu wa namna tatu. Wa kwanza waliuita "wa mapana": majani makubwa kama kiganja, matunda ya zambarau iliyokolea, manene, yanayong'ang'ania kwenye kikonyo. Wa pili ni "wa machungwa": majani madogo yenye vinywele laini, tunda la rangi ya chungwa, na uchungu ambao wateja wa dawa waliupenda. Wa tatu haukupandwa na mtu. Huota wenyewe kandokando ya mifereji, una tunda dogo jeusi linalong'aa, na watoto hulichuma likiiva wakaja shuleni na midomo ya wino.

Mwenyekiti wao alikuja chuoni na swali moja. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akasema: "Mwalimu, huyu wa mapana ana majani, huyu wa machungwa ana dawa. Hatuwezi kuwaozesha?"

Nikajibu haraka mno kuwa inawezekana.

Sababu ya kujibu haraka ilikuwa kabatini. Tulikuwa na sampuli kavu za zamani, zimebandikwa kwenye karatasi, na namna zote tatu zilikuwa na lebo moja: Solanum nigrum. Jina hilo limetumika kama kapu katika vitabu vingi vya mboga na dawa za Afrika Mashariki, kila mnavu ukatupwa humo. Nikafikiri tunashughulika na spishi moja yenye sura tatu, kama mtu na binamu zake. Kumbe wa mapana ni Solanum scabrum, wa machungwa ni Solanum villosum, na ule wa mfereji ni Solanum americanum. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini hesabu zao za ndani hazilingani hata kidogo.

MAMBO YALIVYOKWENDA

Januari tulianza kuozesha. Ua la mnavu ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: petali tano nyeupe zilizopinda nyuma, na katikati koni ya manjano. Koni hiyo ni vifuko vitano vya chavua vilivyosimama bega kwa bega kulizunguka shina la stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, na kila kimoja humwaga chavua kupitia vitundu vya nchani, kama kichupa cha chumvi. Ukichelewa, ua limeshajichavusha lenyewe, kwa kuwa mnavu hauna haja ya mgeni. Kwa hiyo unalihasi ua likiwa bado tumba: unapasua petali kwa kibanio, unang'oa vifuko vitano kimoja kimoja bila kuigusa stigma, kisha unapaka chavua ya baba na kufunika kwa kipande cha karatasi. Tuliwafundisha mabinti wawili wa kikundi. Mikono yao ilikuwa mepesi kuliko yangu. Wa mapana tulimfanya mama, wa machungwa akawa baba.

Matunda machache yalishika. Yalikuwa madogo kuliko kawaida, na mbegu nyingi ndani zilikuwa bapa kama pumba. Machi tukasia zile zilizoonekana nzima, ikaota miche kumi na tisa. Kufikia mwisho wa Aprili kumi na minne kati yake ilikuwa wa mapana mtupu, sura ya mama yao tupu tupu. Maana yake ni kwamba tuliwahasi mama zao tukiwa tumechelewa. Mitano iliyobaki ilikuwa kitu kingine: majani makubwa, lakini yenye vinywele vya baba, shina nene, na kasi ya kukua iliyowafanya akina mama wakusanyike kitaluni jioni kuitazama. Mwenyekiti alionja jani bichi, akatema, akacheka. Uchungu ulikuwepo.

Hapo tukafanya kosa ambalo halikuwa la sayansi. Mwenyekiti alimpigia simu mteja wa Mwanjelwa akamwahidi mzigo wa mnavu mpya baada ya msimu mmoja. Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Mwishoni mwa Mei miche mitano ikatoa maua. Maua mengi sana, kuliko wazazi wote wawili. Yakadondoka. Yakaja mengine, yakadondoka. Matunda mawili matatu yaliyoshika yalikuwa kama punje ya mtama, na ndani hamkuwa na kitu. Tukalaumu ukungu, tukalaumu mbolea, na binti mmoja akalaumiwa kwa kumwagilia jioni. Mimi nilipendekeza ing'olewe ili kitalu kitumike.

Bibi mmoja, mkongwe wa kikundi, alikataa. "Haizai, lakini tazama majani," akasema. "Aliyekataa kuzaa amebaki na nguvu zake." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua: mnavu usiolisha matunda huendelea kutoa machipukizi, na wakulima wengine huvunja maua makusudi ili wapate majani zaidi. Akaongeza kwamba amewahi kuona mnavu wa namna hiyo ukiota wenyewe mpakani, kati ya wa machungwa na ule wa mfereji: majani mengi, maua mengi, tunda hakuna. Kwao waliuita "dume". Niliomba anionyeshe. Tulipofika, mbuzi alikuwa ametangulia.

KUHESABU

Neno lile la "dume" ndilo lililonirudisha maabara. Mmea wenye afya, wenye maua tele, usiozaa, uliotoka kwa wazazi wawili tofauti: hiyo ni dalili ya kitabuni kabisa kwamba kromosomu hazipati wenza. Ningepaswa kuliwaza Januari.

Tuliotesha mbegu za wa mapana, wa machungwa na wa mfereji kwenye karatasi mbichi ndani ya visahani, na kutoka kwa ile mitano tukachukua vipande vya shina tukaviweka majini mpaka vikatoa mizizi. Ncha ya mzizi ndipo seli zinapogawanyika. Unakata kama sentimita moja, unailoweka kwenye 8-hidroksikwinolini kwa saa nne ili seli zisimame katikati ya kugawanyika huku kromosomu zikiwa zimejikunja na kuonekana, unaihifadhi kwenye mchanganyiko wa alkoholi sehemu tatu na asidi asetiki sehemu moja. Kisha inalainishwa kwa asidi hidrokloriki kwenye joto la nyuzi 60 kwa dakika kama nane, inapakwa rangi ya aseto-orsini, inafunikwa kwa kioo chembamba na kubonyezwa kwa dole gumba juu ya karatasi ya kunyonyea. Beseni letu la maji moto lilikuwa limeharibika, tukatumia chupa ya chai na kipimajoto. Ilifaa sana.

Siku nne za kwanza hatukuona chochote. Seli zilijaa uwanja wa hadubini, zote zimelala. Mwongozo tuliokuwa nao ulisema kata mizizi saa tatu asubuhi, nasi tulikuwa tunakata saa tatu asubuhi ya mwezi wa saba, Mbeya, ambako usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 na visahani vilikaa dirishani. Seli kwenye baridi hugawanyika polepole. Kijana wa maabara ndiye aliyehamishia visahani juu ya jokofu, kwa nyuma, penye joto la mota, na akasogeza saa ya kukata hadi adhuhuri. Siku ya sita tukaona seli ya kwanza iliyofunguka vizuri, vijiti vyeusi vimetawanyika kama punje za uwele.

Kuhesabu punje hizo ni kazi ya kuchosha akili. Kromosomu za mnavu ni ndogo, mikroni chache tu, na zikiwa dazeni kadhaa hupandana. Kwa wa machungwa nilipata 46, 51, 47. Nikagundua kwamba macho yangu yanatafuta namba ninayoitaka. Tukabadili utaratibu: kijana alichora kila seli kwenye karatasi bila kujua slaidi ni ya mmea gani, akaweka nukta kwa kalamu kila alipohesabu, nami nikachora yangu upande wa pili, kisha tukalinganisha. Wanaoona utaratibu huu ni wa kupoteza muda wakumbuke kwamba kwa miongo kadhaa wanasayansi waliamini binadamu ana kromosomu 48, mpaka mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu vizuri wakapata 46.

Kwa utaratibu huo wa machungwa akatulia kwenye 48. Wa mapana akatoa 72 katika seli nyingi zilizofunguka vizuri. Wa mfereji alikuwa rahisi, 24. Hesabu hizo tatu zinalingana na zinazojulikana kwa spishi hizo. Ile mitano isiyozaa ilitupa kati ya 58 na 61. Nimeandika 60, na niseme wazi kwamba nimeandika 60 kwa sababu nusu ya 72 ni 36, nusu ya 48 ni 24, na 36 kujumlisha 24 ni 60. Hakuna seli hata moja ambayo sote wawili tulikubaliana juu yake bila kubishana.

Tukapaka chavua rangi ya asetokamini. Chavua ya wazazi ilikuwa ya mviringo, imejaa, nyekundu. Ya mitano ilikuwa kama maganda ya karanga yaliyokanyagwa.

MAAMUZI NA SABABU ZAKE

Kwanza ilibidi niwaeleze kikundi, na neno kromosomu halikusaidia. Nikatumia kanga. Kanga huja kwa doti, vipande viwili pacha. Wa mapana ana vipande 72, yaani doti 36. Akitaka kuzaa, hutenganisha kila doti na kumpa mtoto kipande kimoja cha kila doti: 36. Wa machungwa naye hutoa 24. Mtoto anaanza maisha na vipande 60, na kuishi anaishi vizuri tu, kwa sababu nguo anazo. Shida inakuja siku naye anapotaka kugawa. Anatafuta pacha wa kila kipande. Vingine vinapata wa kufanana naye, vingine vinazunguka peke yake, vingine vinang'ang'ania kwa watatu. Mgawo unaharibika, chavua inatoka tupu. Bibi akauliza kama ndiyo sababu ndizi haina mbegu. Ndiyo hasa: ndizi zetu nyingi zina kromosomu 33, seti tatu za 11, na seti tatu hazigawanyiki sawa kwa wawili. Kwa watu wa Rungwe mfano huo ulitosha. Kila mmoja pale anajua kwamba mgomba hupandwa kwa chipukizi.

Ndipo wakapendekeza wenyewe njia ya kwanza: tupande kwa vipandikizi kama mgomba. Tulijaribu. Vipandikizi vya shina vilishika mizizi, na kwa miezi mitatu tulikuwa na tuta zima. Lakini mnavu si mgomba. Hauna kisiki cha kuishi chini ya ardhi, huzeeka upesi, na magonjwa ya majani yanayosafiri na kipandikizi yakaingia. Wakati wa kiangazi kila mama angelazimika kuutunza mche hai kwa maji ya kubeba kichwani ili tu apate kipande cha kupanda mvua zikianza. Mbegu hukaa kwenye kopo, kipandikizi kinadai kazi kila siku. Tuliacha, isipokuwa Bibi.

Njia ya pili niliileta mimi, nikaikataa mwenyewe. Mwaka 1937 Albert Blakeslee na Amos Avery walionyesha kwamba kolchisini huweza kurudufu kromosomu za mmea. Ukiirudufu ile mitano, kila kipande kinapata pacha wake na uzazi unaweza kurudi. Kolchisini inapatikana hata kwenye ua ambalo watu wa nyanda za juu wanalijua kwa macho, Gloriosa superba, lile lenye petali za moto zinazojipinda juu. Ni sumu kali. Chumba chetu hakikuwa na kabati la kuvutia hewa, glavu zilikuwa za kuazima, na zao lenyewe ni la kuliwa. Zaidi ya hapo, mmea wa kromosomu 120 si ahadi ya mmea bora: seti zikizidi mno ukuaji mara nyingi huzorota. Mwenyekiti alisikitika. Sijabadili mawazo.

Njia ya tatu ilikuwa kutafuta mwenzi wa hesabu moja. Solanum nigrum halisi nayo ina kromosomu 72 sawa na wa mapana, hivyo ndoa yao ina nafasi nzuri zaidi. Lakini hatukuwa na mbegu zake za uhakika, na uchungu walioutaka akina mama ulikuwa wa machungwa.

Tukaamua hivi: wa machungwa uboreshwe ndani ya wa machungwa. Kila mama achague mimea yake yenye majani mapana kuliko mingine, atunze mbegu zake peke yake, tulinganishe msimu hadi msimu. Ni njia ya polepole na haina la kujivunia. Na kuhusu kuunganisha majani mengi na uchungu, Bibi alimaliza mjadala: "Mchanganyiko tuufanye kwenye chungu, si kwenye ua." Yaani wakaushe kila namna kivyake, wapime kwa mizani, wachanganye unga. Nilicheka, kisha nikaona hakuna hoja ya kumpinga.

MATOKEO

Mteja wa Mwanjelwa hakungoja. Alichukua mzigo kwa kikundi kingine, na ilichukua mwaka kabla hajanunua tena kwa kikundi hiki, safari hii unga wa kupimwa wenye lebo ya namna mbili na uzito wa kila moja. Mama mmoja alijitoa, akisema tumewapotezea msimu wa mvua. Hakukosea.

Baada ya misimu miwili ya kuchagua, wa machungwa wa akina mama wanne una majani ambayo unaweza kuyatofautisha na ya zamani ukiyaweka kando kwa kando. Sijapima, na sitatoa namba. Makopo ya mbegu sasa ni matatu, yana lebo tatu. Mboga mbichi inaendelea kuuzwa kama zamani.

UCHAMBUZI

Lililotuangusha kwanza ni jina. Lebo moja kwenye karatasi ya kabatini ilinifanya niruke swali la msingi, na swali hilo lingejibiwa kwa wiki mbili na hadubini kabla ya tumba la kwanza kupasuliwa. Hata bila kuhesabu, ipo njia ya mkato ambayo sasa tunaianza nayo: unapaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, inakauka, unaibandua kwa selotepu na kuitazama. Mimea yenye seti nyingi za kromosomu mara nyingi huwa na stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, kubwa zaidi na chavua kubwa zaidi. Si hesabu, ni dalili tu, na ukubwa hubadilika pia na kivuli na maji. Lakini gharama yake ni kichupa kimoja cha duka la vipodozi, na ingetosha kunitia shaka.

Nililojifunza kwa undani zaidi liko kwenye namba zenyewe. 24, 48, 72: zote ni mafungu ya 12. Sehemu kubwa ya ukoo wa Solanum imejengwa juu ya 12. Nyanya ana 24, na kiazi mviringo kinachojaza malori kutoka Umalila na Njombe ana 48. Ushahidi unaonyesha kwamba Solanum nigrum yenye 72 ilitokana na kukutana kwa mnavu wa 24 wa upande wa americanum na mnavu wa 48 wa upande wa villosum. Piga hesabu: 12 na 24 ni 36, mtoto tasa. Kisha, mahali fulani, seli za mtoto huyo tasa zikakosea kugawanyika, 36 ikawa 72, kila kipande kikapata pacha, na spishi mpya ikaanza kuzaa. Kwa maneno mengine, "dume" la Bibi, kama kweli lilikuwa mtoto wa wale wawili, lilikuwa limesimama pale pale ambapo babu wa Solanum nigrum aliwahi kusimama, likisubiri kosa moja tu. Mimi nilikuwa nimeiona mimea yangu mitano kama jaribio lililoshindwa. Ni jaribio lililoishia nusu ya njia, na asili huwa na muda wa kungoja nusu iliyobaki ambao kikundi chenye mteja hakina.

Hili halikutokea kwa mnavu peke yake. Mimea yote itoayo maua ina urudufu wa jenomu nzima, yaani seti yote ya kromosomu, katika nasaba yake, wengine mara nyingi, na baada ya kila urudufu kromosomu hupangwa upya: nyingine huungana, nyingine huvunjika, jeni za ziada hupotea. Ndiyo maana hesabu zimetawanyika vile. Upo mmea wa ukoo wa alizeti huko Marekani, Xanthisma gracile, wenye kromosomu 4 tu, wakati Sedum suaveolens wa Meksiko anakaribia 640. Lakini wengine hawana haraka. Shubiri, yaani Aloe vera, ina 14, nane ndefu na sita fupi, na mpangilio huo huo wa ndefu na fupi unakutana nao kwa aloe baada ya aloe, hata zile za kwetu milimani. Aloe huachana kwa umbo la ua, kwa urefu wa jani, kwa mahali zinapoishi, huku ndani zikibaki karibu sare. Ndiyo maana aloe za spishi tofauti zikipandwa bustani moja huchanganyika kwa urahisi, na mwenye kuuza shubiri kwa dawa anapaswa kuogopa mchanganyiko huo kuliko anayeuza mnavu. Artemisia annua inayolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria ina 18, sawa na pareto yetu ya Mufindi na Mbeya. Idadi kubwa si cheo.

Kuna anayeuliza: kama mmea unakua na unatibu, hesabu ya kromosomu inamhusu nini mnywaji? Jibu zuri kuliko yote liko kwenye mmea wa majimaji uitwao Acorus calamus, ambao mzizi wake ni dawa ya kale Asia, Ulaya na Marekani. Kwa macho ni mmea mmoja. Ule wenye kromosomu 24 wa Amerika ya Kaskazini hauna kemikali iitwayo beta-asaroni. Wenye 36, unaopatikana Ulaya na ni tasa kama ndizi, unayo kidogo. Wenye 48 wa Asia ya Mashariki unayo kwa wingi. Beta-asaroni ilileta uvimbe wa saratani kwa panya wa majaribio, na mwaka 1968 Marekani ikapiga marufuku kuutia mmea huo katika vyakula. Jina moja, sura moja, dawa tatu. Simaanishi kwamba mnavu wa 72 una sumu mara tatu ya wa 24, maana kemia haiendi kwa kuzidisha namna hiyo. Namaanisha kwamba muuza unga anayeandika "mnavu" kwenye bahasha hajasema anauza nini. Ndiyo maana lebo ya namna mbili, iliyotokana na kauli ya Bibi kuhusu chungu, naihesabu kuwa tokeo bora la kisa hiki, ingawa haikuwa kwenye mpango wangu.

Yaliyofaa, kwa haki, si mengi. Kutoing'oa ile mitano kuliokoa ushahidi wote, na uamuzi huo haukuwa wangu. Kuchora bila kujua jina la slaidi kulitutoa kwenye kujidanganya. Kijana kuhamisha visahani juu ya jokofu kulifanya kazi ambayo mwongozo wa nchi nyingine usingefanya, na sasa kwenye ukuta wa maabara pameandikwa kwa chaki: Juni hadi Agosti, kata adhuhuri.

Lililofeli na ambalo bado linanisumbua ni ile simu. Nilikuwa na sababu za kutosha za kumwambia mwenyekiti asubiri kizazi cha pili, kwa sababu hata ndoa isiyo na kasoro hutoa watoto mchanganyiko kizazi cha pili, na mbegu ya kuuza haipatikani kwa msimu mmoja. Nilinyamaza kwa sababu jioni ile kila mtu kitaluni alikuwa na furaha, nami nilikuwa sehemu ya sababu yake.

Mwezi uliopita Bibi alimwomba mjukuu wake aniandikie ujumbe. Dume limeota tena, mpakani pale pale, kati ya wa machungwa na wa mfereji. Amelizungushia matete, na mbuzi amefungwa upande wa pili wa nyumba. Nimemjibu ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na kwamba nakuja na kisanduku cha barafu kabla baridi haijaingia.